Hakuna aliyemuona, mbona kafungwa? Majibu ya maswali yenu kuhusu ushahidi wa kimazingira

Toleo lililopita niligusia kwa sentensi mbili tu kwamba mtu anaweza kutiwa hatiani hata kama hakuna shahidi aliyemuona akitenda kosa, kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki, meseji zilizoingia ni nyingi kuliko za mada yoyote tuliyowahi kuigusa kwenye safu hii. Kuna walioandika kwa hasira, kuna walioandika kwa uchungu wa ndugu yao, na kuna mmoja kaandika saa tisa usiku. Nimechagua baadhi, nimeyafupisha, na majina nimeyatoa. Nazungumzia nchi zile ambazo sheria zake zilirithiwa kutoka Uingereza, na ni nyingi, toka Afrika Mashariki hadi India, Australia, Kanada na Marekani, kwenye hili jambo kanuni zinafanana sana hata kama maneno yanatofautiana.

Mdogo wangu kahukumiwa kwa mauaji. Kesi nzima hakuna shahidi hata mmoja aliyesema "nilimuona akiua". Wakili anasema ulikuwa ushahidi wa kimazingira. Mimi naona kafungwa kwa kubahatisha tu. Hii ni haki kweli? (Dada mwenye uchungu)

Pole sana dada yangu, na asante kwa kuandika maana najua haikuwa rahisi. Nikujibu bila kuzunguka: sheria inaruhusu mtu afungwe kwa ushahidi wa kimazingira peke yake, ila hairuhusu kubahatisha, na kazi yote ya hakimu au jaji iko hapo katikati.

Ushahidi wa moja kwa moja ni mtu kusimama mahakamani akasema nilimuona fulani anachoma kisu. Wa kimazingira ni mtu anasema aliona kitu kingine, alama ya kiatu, shati lenye damu, simu iliyozimwa muda ule ule, alafu mahakama yenyewe ndo inapiga hatua kutoka kwenye kile kitu kwenda kwenye kosa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu na sote tunaishi hivyo kila siku. Umelala, asubuhi umefungua mlango ukakuta uwanja wote umelowa, mapaa yanadondosha matone, mtaro unakwenda kasi, hukuona mvua hata tone moja lakini hakuna mtu wa kukubishia kwamba usiku imenyesha. Sasa chukua asubuhi nyingine, umefungua mlango ukakuta kisehemu kidogo tu cha kizingiti ndo kimelowa. Maji ni yale yale, ila hapo inaweza ikawa mvua, inaweza ikawa kuna mtu kamwaga ndoo, inaweza ikawa bomba linavuja, na ukisema "mvua" unabahatisha. Tofauti ya hizo asubuhi mbili ndo tofauti ya kufungwa na kuachiwa.

Alafu kuna dhana nataka niiondoe kabisa. Watu wengi wakisikia "kimazingira" wanaelewa "hafifu". Alama za vidole, vipimo vya DNA, kamera iliyomnasa mtu anaingia kwenye nyumba, mnara uliosoma simu yake ilipokuwa, vyote hivyo ni ushahidi wa kimazingira, hakuna hata kimoja kinachoonyesha kitendo chenyewe. Na shahidi wa macho ambaye watu wanamuamini sana naye ni binadamu, anaona gizani, anaogopa, ana kisasi, anachanganya sura. Marekani walipoanza kufungua kesi za zamani kwa DNA, sababu iliyojitokeza sana kwa wale waliokuwa wamefungwa bure ni mashahidi wa macho waliomtambua mtu siye.

Kwa hiyo kiwango ni kile kile kimoja, upande wa mashtaka ndo unaobeba mzigo na lazima uthibitishe mpaka shaka yenye msingi iishe, jambo ambalo Uingereza ililisimika rasmi kwenye kesi ya Woolmington mwaka 1935. Ila ushahidi ukiwa wa kimazingira kuna swali la ziada la kujiuliza, na lilielezwa vizuri zamani sana, mwaka 1838, kwenye kesi ya mtu anaitwa Hodge. Mwanamke alitoka sokoni na pesa zake, njiani akauawa. Hodge alionekana karibu na ile njia muda mfupi kabla. Saa chache baadaye akaonekana anafukia kitu ardhini, kesho yake watu wakafukua wakakuta pesa, na kiasi kinakaribiana na kile alichodhaniwa kuwa nacho marehemu. Mimi na wewe tukisikia hivyo mtaani tumeshamaliza kesi. Jaji Alderson akawaambia wale wananchi wa juri, yaani raia wa kawaida wanaokaa mahakamani kuamua kama mtu ana hatia, kwamba haitoshi mambo haya kuendana na yeye kuwa muuaji, lazima pia yawe hayaendani na hitimisho lingine lolote la mtu mwenye akili timamu. Wakamuachia.

Naomba uisome hiyo mara mbili dada, ina miguu miwili na watu hukumbuka mmoja tu. Mambo yaendane na hatia, alafu yakatae kila maelezo mengine yenye mantiki. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema karibu maneno hayo hayo mwaka 1949 kwenye kesi ya Kipkering arap Koske na mpaka leo mawakili wanainukuu.

Kwa mdogo wako sasa, mimi sijasoma jalada lake kwa hiyo siwezi kusema kaonewa wala hakuonewa, ila tafuta nakala ya hukumu na muwahi muda wa kukata rufaa maana siku zake ni chache. Mkikaa na wakili tafuteni ukurasa ambao jaji anaeleza maelezo ya utetezi na kwa nini anayakataa. Kama kaorodhesha ushahidi wa mashtaka alafu akarukia "kwa hiyo ana hatia" bila kupita kwenye ule mguu wa pili, hapo mna hoja ya maana.

Kwenye taarifa za habari wanasema "kuthibitisha bila kuacha shaka yoyote". Duniani hakuna kitu kisicho na shaka yoyote, si basi wote waachiwe? (Msikilizaji)

Swali zuri mno na tatizo liko kwenye Kiswahili chetu tulivyokitumia. Maneno ya asili ya sheria yanasema shaka *yenye msingi*, shaka ambayo mtu mwenye akili anaweza akakupa sababu yake. Sisi tukaandika "shaka yoyote", ikasikika vizuri redioni, na neno "msingi" likapotea njiani. Mwaka 1947 Jaji Denning wa Uingereza alieleza kwamba kuthibitisha mpaka shaka yenye msingi iishe sio kufuta hata kivuli cha shaka, maana sheria ingeshindwa kulinda watu kama ingekubali mawazo ya kufikirika yaipotoshe haki. Labda pacha wake asiyejulikana ndo kafanya, labda alama za vidole zilijipachika zenyewe, hizo hazihesabiki. Shaka inayohesabika inatoka kwenye ushahidi wenyewe au kwenye kile ambacho ushahidi ulitakiwa kuwa nacho na hauna.

Na kuna kitu kingine kwenye lugha yetu kinanisumbua. Neno ni moja kwa mambo mawili yanayovutana: "nina shaka" ya hakimu ndo inayomuokoa mshtakiwa, na "tunamtilia shaka" ya jirani ndo iliyompeleka polisi. Matokeo yake watu wanajumlisha shaka za kumshuku, kumi, kumi na tano, wanadhani zikiwa nyingi zinageuka uthibitisho. Mahakama ya Juu ya India kwenye kesi ya Sarda, mwaka 1984, ilisisitiza kwamba kuna umbali mrefu kati ya "huenda alifanya" na "lazima alifanya", na tuhuma hata iwe nzito namna gani haivuki umbali huo.

Wengine mmeuliza kama kesi ya kimazingira inatakiwa kiwango cha juu zaidi. Hapana. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikataa mwaka 1954 kwenye kesi ya Holland, Uingereza ikakataa 1973 kwenye kesi ya McGreevy, wakasema juri likishaelezwa kiwango cha kawaida inatosha, hakuna haja ya maelekezo maalum. Australia na India wao wanaendelea kulisema lile swali la Hodge waziwazi. Mimi niko upande wa kulisema. Mtu wa kawaida ukimwambia tu "usiwe na shaka yenye msingi" anaitikia kichwa, ila ukimuuliza "kuna maelezo gani mengine hapa?" ndo anaanza kufikiri kweli, nimeona hilo hata kwenye mabishano ya nyumbani.

Mwalimu wetu wa chuo anasema ushahidi wa kimazingira ni mnyororo, kiungo kimoja kikikatika umeisha. Kitabu kingine kinasema ni kamba. Nishike kipi kwenye mtihani? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili)

Shika vyote viwili mdogo wangu, ila ujue kila kimoja ni cha wapi. Kamba ilianza na Jaji Pollock mwaka 1866 kwenye kesi ya Exall, alisema ushahidi huu haufanani na mnyororo, unafanana zaidi na kamba iliyosokotwa, uzi mmoja hauwezi kubeba mzigo lakini nyuzi tatu zikisokotwa pamoja zinaubeba. Mfano: mtu alikuwa na ugomvi na marehemu, alionekana maeneo yale, kiatu chake kinafanana na alama iliyoachwa, na kesho yake usiku akaosha gari, wakati hajawahi kuliosha usiku. Ukichukua uzi mmoja mmoja kila kimoja kina maelezo yake, ugomvi watu wengi wanao, viatu vya namba ile viko vingi. Ukivisokota pamoja picha inabadilika, na hata ukiutoa ule uzi wa kiatu kamba bado inaweza ikabeba.

Lakini kuna kesi ambazo kweli ni mnyororo. Tuseme hoja nzima ya mashtaka ni kwamba muuaji alikuwa ndani ya chumba saa nne usiku, na ili mshtakiwa awe muuaji lazima awe alikuwa ndani ya kile chumba saa nne. Hapo uwepo wake chumbani ni kiungo, hakikwepeki. Mahakama Kuu ya Australia iliweka sawa jambo hili kwenye kesi ya Shepherd mwaka 1990, kwamba ukweli ambao hitimisho haliwezi kusimama bila huo lazima uthibitishwe wenyewe mpaka shaka yenye msingi iishe, ila zile nyuzi za kamba si lazima kila mmoja ufikie kiwango hicho peke yake, kinachopimwa ni uzito wa pamoja. Andika hivyo kwenye mtihani.

Nje ya mtihani nataka ukae na kesi ya Lindy Chamberlain, maana ndo inayofundisha kwamba kusokota nyuzi za uongo hakutengenezi kamba. Agosti 1980 mtoto wake wa wiki tisa, Azaria, alipotea kwenye hema karibu na mwamba wa Uluru huko Australia. Mama alisema kachukuliwa na dingo, yule mbwa mwitu wa kule. Hakuna mwili uliopatikana. Mwaka 1982 akafungwa maisha, na uzi mnene kuliko zote ilikuwa damu ya mtoto mchanga iliyodaiwa kukutwa kwenye gari la familia. Mwaka 1984 rufaa yake ya mwisho ikashindwa kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Mwaka 1986 kikoti cha mtoto, kile mama alichokuwa anakisema siku zote na watu wanamuona mwongo, kikaokotwa eneo lenye mapango ya dingo. Na ile "damu" ikaja kuonekana ni dawa ya kuzuia kelele inayopulizwa gari likitengenezwa kiwandani. Hukumu ikafutwa 1988, na mwaka 2012 ndo ikaandikwa rasmi kwamba dingo ndiye aliyemchukua mtoto. Miaka thelathini na mbili. Kwa hiyo kabla hujauliza nyuzi hizi zikisokotwa zinabeba nini, uliza kwanza kama ni nyuzi.

Kijana wangu alinunua simu kwa mtu, wiki haijaisha polisi wakaja, kumbe mwenye simu alivamiwa na kuumizwa vibaya. Sasa kashtakiwa yeye kwa unyang'anyi. Simu tu inaweza kumfunga? (Mama)

Mama yangu, inaweza, na ndo maana usilichukulie poa. Kuna kanuni ya kukutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita: mahakama inaruhusiwa kuhitimisha kwamba aliyenayo ndiye mwizi au ni mpokeaji wa mali ya wizi, kama hana maelezo ya kueleweka. Lakini angalia vipande vyake. Lazima ithibitike simu ni ile ile, kwa namba zake za utambulisho, sio "inafanana". Lazima awe amekutwa nayo yeye. Na muda uwe mfupi, na mfupi unategemea kitu chenyewe, simu inapita mikono mitatu kwa siku mbili wakati jenereta kubwa halitembei hivyo.

Jambo la kushika ni kwamba kijana wako hatakiwi *kuthibitisha* kwamba alinunua. Anatakiwa atoe maelezo ambayo yanawezekana kuwa kweli, na ayatoe mapema, sio aje kuyakumbuka siku ya kujitetea. Meseji za mauziano, muamala wa pesa, mtu aliyekuwepo, vyote mpeni wakili leo. Kanuni ni ile ile kwa yule "aliyeonekana mwisho na marehemu", ambayo wawili wenu mmeuliza: inakuwa na nguvu pale muda kati ya kuonekana na kifo ni mfupi kiasi kwamba mtu wa tatu hakuwa na nafasi ya kuingia, na inapungua nguvu kila saa inavyozidi kupita.

Kama mtu anaweza kukuwekea kitu ndani kwako alafu polisi wakakikuta, huu ushahidi wa vitu una thamani gani? (Niliyewahi kuonewa)

Hofu yako ni ya kweli na ina umri mkubwa kuliko mahakama zote. Mwaka 1952 majaji wa London waliokuwa wanasikiliza rufaa za makoloni, kwenye kesi ya mtu anaitwa Teper aliyekuwa kashtakiwa kuchoma duka lake huko Guyana ya Uingereza, walisema ushahidi wa kimazingira unaweza kutosha kabisa ila uchunguzwe kwa jicho kali, maana unaweza kutengenezwa ili kumtupia mtu mwingine tuhuma. Na mfano walioutoa ni wa Yusufu aliyeamuru kikombe chake kitiwe kwenye gunia la mdogo wake Benyamini.

Mimi hiyo hadithi ya Nabii Yusuf huwa nairudia sana kwa sababu yote imejaa mambo haya, uisome kwenye Qur'ani au kwenye Biblia. Inaanza na ndugu wanamletea baba vazi lenye damu ili aamini mtoto kaliwa na mnyama, ushahidi wa kubuni mtupu. Inakuja kwenye nyumba ya bwana wake, anasingiziwa na mke wa yule bwana, na kwenye Qur'ani anatokea mtu wa nyumba ile ile anasema tazameni kanzu, kama imechanika mbele mwanamke kasema kweli, kama imechanika nyuma yeye ndo muongo na kijana ni mkweli. Wakatazama, imechanika nyuma. Ona alichofanya yule mtu: kabla ya kuitazama kanzu kasema kwanza kila upande ukitokea utamaanisha nini, hakusubiri aone alafu atafute maana ya kumfurahisha mkubwa. Na mwisho ndo lile la kikombe, kitu cha kweli, kimekutwa kweli kwenye gunia, na mwenye gunia hana kosa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kitu kukutwa kwako kinathibitisha kitu kilikuwepo kwako, basi. Nani alikiweka, lini, nani mwingine anaingia humo, nani alishuhudia upekuzi, hati ya ukamataji mali ilisainiwa na nani, kitu kilipita mikono ya nani mpaka kikafika mahakamani, hayo yote mashtaka wayajaze. Kesi nyingi za vitu hufia kwenye makabidhiano.

Ripoti ya DNA inasema uwezekano wa mtu mwingine kufanana ni mmoja kwa milioni. Si ndo hatia ya asilimia mia hiyo? (Mpenda hesabu)

Hapana ndugu, na hapa naomba uvumilivu wako. Mmoja kwa milioni maana yake ukimchukua mtu yeyote asiyehusika, nafasi ya kufanana na ile sampuli ni moja kwa milioni. Haimaanishi nafasi ya mshtakiwa kuwa hana hatia ni moja kwa milioni. Kama jiji lina watu milioni 10, wanaofanana na sampuli watakuwa kama kumi, na kama huna ushahidi mwingine wowote zaidi ya ule mfanano basi huyo uliyemshika ni mmoja tu wa hao kumi. Ukiwa na ushahidi mwingine, kwamba alikuwa eneo lile na ana jeraha mkononi, hapo DNA inakuwa uzi mnene sana wa kamba.

Nakuomba umjue Sally Clark. Alikuwa wakili Uingereza, mtoto wake wa kwanza alikufa Desemba 1996 na wa pili Januari 1998, wote wachanga. Novemba 1999 akafungwa maisha kwa kuwaua. Daktari bingwa aliliambia juri kwamba vifo viwili vya ghafla vya watoto wachanga, visivyo na sababu inayojulikana, kwenye familia kama yake ni tukio la mara moja kwa milioni 73. Namba hiyo ilipatikana kwa kuchukua 1 kwa 8,543 na kuizidisha kwa yenyewe, kana kwamba kifo cha kwanza na cha pili havihusiani kabisa, wakati watoto wa tumbo moja wana damu moja, nyumba moja na huenda ugonjwa mmoja. Na hata namba ingekuwa sahihi, mama kuua watoto wake wawili nalo ni tukio la nadra mno, ulitakiwa ulinganishe nadra na nadra. Mwaka 2001 chama cha wanatakwimu cha Uingereza kilitoa tamko hadharani kwamba hesabu ile haina msingi. Januari 2003 akaachiwa, baada ya kugundulika pia kwamba vipimo vilivyoonyesha bakteria kwenye mwili wa mtoto wa pili havikuwahi kupewa upande wa utetezi. Alifariki 2007. Uholanzi, ambako mfumo wa sheria ni mwingine kabisa, nesi Lucia de Berk naye alifungwa maisha kwa mauaji ya wagonjwa mwaka 2003 kwenye kesi iliyotajwa namba ya moja kwa milioni 342, akasafishwa 2010. Huwa nikisikia namba kubwa mahakamani nauliza wamezidisha nini na nini.

Mshtakiwa akibainika kadanganya polisi, si ndo kajifunga? (Askari mstaafu)

Afande, sio moja kwa moja. Watu wasio na kosa wanadanganya kwa aibu, kwa hofu, kuficha mchepuko, kumlinda ndugu. Mahakama ya Rufani ya Uingereza kwenye kesi ya Lucas, 1981, iliweka masharti: uongo uwe wa makusudi, uhusu jambo la maana kwenye kesi, utokane na kuogopa ukweli wa kosa lenyewe, na uthibitike kuwa ni uongo kwa ushahidi mwingine huru. Hata ukitimiza hayo yote unaongeza nguvu tu, haujengi kesi peke yake.

Maiti haijapatikana, kesi ya mauaji inasimamaje? (Mwenye mashaka)

Inasimama, ila kwa tahadhari kubwa, na tahadhari hiyo ina historia. Mwaka 1660 kule Campden, Uingereza, mzee anaitwa William Harrison alitoka kukusanya kodi ya bibi aliyemwajiri hakurudi. Kofia yake na kitambaa cha shingoni vikaokotwa njiani, kofia imekatwakatwa, kitambaa kina damu. Mtumishi wake akabanwa, akasema mama yake na kaka yake ndo wamemuua. Wote watatu wakanyongwa mwaka 1661. Mwaka 1662 Harrison akarudi nyumbani akiwa mzima kwa miguu yake. Ona kwamba kilichowamaliza zaidi ni maneno ya moja kwa moja ya mtu aliyedai anajua, kofia peke yake isingefika kwenye kitanzi.

Kwa karne nyingi baada ya hapo watu wakaamini bila mwili hakuna kesi. Lakini hilo nalo lingekuwa zawadi kwa kila muuaji mwenye bahari karibu, na mwaka 1955 Uingereza ilithibitisha hatia ya Onufrejczyk, aliyekuwa na mshirika wake shambani Wales, mshirika akapotea Desemba 1953 asionekane tena, damu ikakutwa jikoni, na yeye akawa anatoa hadithi za watu waliokuja na gari usiku kumchukua. Mahakama ikasema kifo chenyewe kinaweza kuthibitishwa kimazingira, mradi mazingira yasiache njia nyingine yenye akili. Siku hizi simu iliyonyamaza, akaunti ya benki isiyoguswa na dawa za kila siku zilizoachwa mezani husaidia kuonyesha kwamba mtu hakuondoka kwa hiari yake.

Nimeitwa kutoa ushahidi. Sikuona tukio, nilimuona tu jirani akikimbia. Niseme nini? (Shahidi mwenye wasiwasi)

Sema ulichoona, na uishie pale macho yako yalipoishia. "Alikuwa anakimbia kutoka upande wa nyumba ile, ilikuwa kama saa moja na nusu jioni, taa ya nje ilikuwa inawaka, nilikuwa umbali wa kama hatua ishirini, alivaa shati jeupe." Usiseme "alikuwa anatoroka", kwa sababu kutoroka hukukuona, ulichokiona ni kukimbia, na ile hatua ya kutoka kwenye kukimbia kwenda kwenye kutoroka sio yako kuipiga, ni ya jaji. Ukiulizwa kama huenda alikuwa anakimbilia kuita msaada na wewe hujui, jibu sijui. Hilo "sijui" lako haliharibu kesi ya mtu yeyote, na usikubali askari au ndugu wa upande wowote akuongezee neno kwenye maelezo kabla hujasaini, yasome yote, ukikuta "anatoroka" mwambie akate aandike "anakimbia".